AC inatoa uvuguvugu ilhali bomba lake ni baridi: usinunue kompresa bado

Swali: "Mtaalamu, nina Toyota Premio ya 2008, AC yake ni ile ya kidijitali yenye kitufe cha AUTO. Tangu mwezi wa pili hewa inayotoka ni ya uvuguvugu hata nikishusha hadi 18. Asubuhi nikiwasha gari inatoa baridi nzuri dakika chache, halafu inageuka uvuguvugu na kubaki hivyo. Nikibadilisha nyuzi nasikia tak-tak-tak ndani ya dashibodi, kisha kimya. Fundi ameongeza gesi mara mbili, na mara ya pili hali imezidi kuwa mbaya. Sasa anasema kompresa imechoka, nitafute nyingine. Lakini nikifungua boneti, lile bomba nene la AC ni baridi na linatoa jasho. Joto la Dar limenishinda, na mwezi wa sita naenda Njombe ambako nitaihitaji hita. Nifanyeje kabla sijatoa hela ya kompresa?"

Ndugu msomaji, pole kwa joto, na hongera kwa kufungua boneti na kugusa bomba mwenyewe. Umeleta dalili tatu, na zote tatu zinaelekeza mahali pamoja, napo si kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Kwa jinsi ulivyoeleza, gari lako linatengeneza baridi. Tatizo ni kwamba baridi hiyo inachanganywa na joto la injini kabla haijakufikia usoni. Kompresa mpya itatengeneza baridi ileile, nayo itaharibiwa palepale.

Tuanze na gesi, maana ndiyo imekula hela yako hadi sasa. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo kama imepungua, imevuja, na mahali inapovujia panatakiwa kutafutwa. Fundi anayeongeza gesi bila kupima kwanza iliyomo anabahatisha. Kila gari lina kiwango chake kilichoandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari madogo mengi yanayotumia gesi aina ya R-134a huwa kati ya gramu 400 na 600. Ikizidi hapo, kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, hukosa nafasi ya kuigeuza gesi kuwa kimiminika, presha ya upande wa juu hupanda, na baridi hupungua badala ya kuongezeka. Huenda ndiyo maana hali ilizidi baada ya mara ya pili. Huenda sasa una matatizo mawili: lile uliloanza nalo, na gesi iliyozidi. Yote mawili yanatibika, na hakuna hata moja linalohitaji kompresa.

Sasa tuingie ndani ya dashibodi, kwa sababu ukielewa njia ya hewa hakuna atakayekuyumbisha. Feni inavuta hewa ipite kwenye chujio la hewa nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, kisha inaisukuma ipite kwenye evapoleta. Evapoleta ni ile rejeta ndogo ya baridi. Mfumo huiacha ishuke hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, kisha huizuia isigande. Hapo hewa imepoa na imekauka. Hatua chache mbele yake kuna rejeta nyingine ndogo, ya hita, ambayo ndani yake yanapita maji ya injini yenye nyuzi 80 hadi 95. Katikati ya hizo mbili kuna kilango cha plastiki kinachozunguka. Kikiwa kimefunga njia ya hita, hewa yote ya baridi inakuja moja kwa moja. Kikifunguka kidogo, sehemu ya hewa inapitia kwenye hita na kurudi kuchanganyika na ile ya baridi. Kikifunguka chote, unapata joto utakalolihitaji Njombe.

Kwenye magari mengi ya aina yako hakuna valvu inayozuia maji ya moto yasifike kwenye hita. Yanapita humo saa zote injini inapowaka, uwe Dar au Makete. Kinachokutenganisha na joto hilo ni kilango hicho tu, pamoja na mota ndogo ya umeme inayokizungusha kwa amri ya kompyuta ya AC. Ukibonyeza 18, kompyuta haiiamrishi kompresa "leta baridi zaidi" peke yake. Kazi yake kubwa ni kuiambia mota hiyo ifunge kilango.

Rudi sasa kwenye dalili zako. Ile ya asubuhi ndiyo yenye thamani kuliko zote, na pengine fundi hakukuuliza. Injini ikiwa imelala usiku kucha, maji yake ni ya baridi, hivyo hata kilango kikiwa wazi, hewa inayopita kwenye hita haichukui joto lolote. AC inapiga vizuri. Baada ya dakika tano hadi kumi injini inapata moto, hita inapata moto, na uvuguvugu unaanza. Hiyo ndiyo tabia ya kilango kisichofunga. Gesi pungufu au iliyozidi ina tabia nyingine: baridi hufifia ukiwa kwenye foleni ya Ubungo na kurudi ukikimbia barabara kuu, kwa kuwa upepo unasaidia kondensa. Evapoleta inayoganda nayo ina tabia yake: mwanzoni baridi kali, kisha upepo wenyewe unapungua nguvu ingawa feni inanguruma, na ukizima AC robo saa upepo unarudi. Wewe hukutaja upepo kupungua.

Ule mlio wa tak-tak-tak ni mota inayojaribu kuzungusha kilango na kushindwa. Ndani yake kuna gia ndogo za plastiki. Plastiki hiyo imekaa miaka mingi kwenye joto la dashibodi. Jino moja likikatika, gia inaruka palepale, na kompyuta ikiona haifiki inakotaka inaacha kujaribu. Inawezekana pia gia ni nzima na kilango chenyewe ndicho kimekwama, kwa mfano kwa kalamu au sarafu iliyodondokea kwenye matundu ya juu ya dashibodi. Tutatofautisha hayo mawili tukifika kwenye kuifungua.

Kuhusu bomba, naomba uwe mwangalifu kidogo. Jasho peke yake si ushahidi wa kutosha ukiwa Dar. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi kiasi kwamba chochote chenye nyuzi 20 hivi kinaweza kutoa jasho, na nyuzi 20 bado si baridi ya AC nzima. Lishike bomba nene, lile linalorudi kwenye kompresa kutoka ukutani mwa injini (ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria), kwa sekunde tano, injini ikiwa imeshapata moto na AC ikiwa imewaka dakika kumi. Likiwa baridi kama soda iliyotoka kwenye friji, upande wa gesi unafanya kazi yake. Likiwa la ubaridi wa kawaida tu, tuweke alama ya kuuliza kwenye gesi na tuendelee na vipimo. Chunga mkanda na feni ya rejeta, usivae nguo ya mikono mipana, na usiguse bomba jembamba kwa kushtukiza, maana lile linatakiwa kuwa la moto.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Tafuta kipimajoto cha kuchomeka, hata kile cha jikoni. Egesha kivulini, funga vioo, weka 18, au uishushe zaidi hadi iandike LO kama yako ina LO, feni juu kabisa, hewa ya kuzunguka ndani. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati, washa injini ikiwa ya baridi, uishikilie kwenye mizunguko kama 1500 kwa dakika, na uandike nyuzi kila dakika mbili hadi dakika ya 20. AC nzima kwenye joto la pwani inatakiwa kushuka hadi kati ya nyuzi 6 na 12 na kubaki hapo. Ikishuka hadi, tuseme, 10 na kisha kuanza kupanda sambamba na sindano au taa ya joto la injini, umeshapata jibu la nusu.

Nusu nyingine inapatikana kwenye mabomba ya hita. Ukutani mwa injini, upande wa chumba cha abiria, kuna hozi mbili za mpira zinazoingia ndani zikiwa zimekaa pamoja. Injini ikiwa ya baridi, bana moja yao kwa koleo maalumu la kubania hozi, lile lenye midomo ya mviringo isiyokata. Usitumie praizi ya meno. Hozi ya zamani itapasuka nawe utabaki na injini isiyo na maji. Washa gari, acha lipate moto, uangalie sindano au taa ya joto la injini muda wote, kisha soma tena kipimajoto. Kama sasa hewa inabaki baridi ilhali mwanzo ilikuwa inapanda, mjadala wa kompresa umekwisha: joto lilikuwa linatoka kwenye hita. Zima, acha injini ipoe, ondoa koleo. Kama hozi zako zimekakamaa au zina nyufa, kiruke kipimo hiki. Havunjiki mtu kwa kukikosa.

Sasa mwombe kompyuta ya AC ikwambie inachoona. Toyota nyingi za miaka hiyo zina kipimo ndani yake, na hakihitaji mashine. Gari likiwa limezimwa, bonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, uendelee kuvishikilia huku ukiwasha swichi hadi ON. Taa zote za paneli zitawaka na kuzima mara 4, halafu pale panapoandikwa nyuzi zitaanza kupita namba. 00 maana yake hakuna hitilafu. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya joto la nje, 13 ya evapoleta, 21 ya jua. 23 inahusu presha ya gesi. 41 ni ile ninayoitarajia kwako: mota ya kilango cha kuchanganya hewa haifiki inakoamriwa. 42 ni ya kilango cha hewa ya nje na ndani, 43 ya kile kinachogawa hewa ya usoni, miguuni na kwenye kioo. Usishtuke ukiona 21 ukiwa umeegesha gereji au usiku. Sensa ya jua isipoona mwanga hutoa namba hiyo bila kuharibika. Hamisha gari juani urudie.

Ukiwa bado kwenye kipimo hicho, bonyeza tena kitufe cha hewa ya ndani. Kompyuta itaanza kuchezesha mota zote kwa zamu, hatua moja baada ya nyingine. Weka mkono kwenye tundu la hewa, injini ikiwa imeshapata moto, usikilize. Unatakiwa uhisi hewa ikibadilika kati ya ubaridi na joto. Kama mlio wa tak-tak unakuja na hewa haibadiliki, umeshaipata. OFF inakutoa kwenye kipimo.

Je, namba ikija 00? Kompyuta haioni kila kitu. Gia iliyokatika meno inaweza kuizungusha sehemu inayoripoti nafasi huku mkono wa kilango umebaki nyuma, na kompyuta ikaamini kazi imefanyika. Kwa hiyo 00 haiiondolei mota lawama. Wala usiisahau sensa ya joto la ndani. Karibu na goti la dereva kuna kijitundu chenye nyavu ndogo. Nyuma yake kuna sensa na kipaipu chembamba kinachovuta hewa ya ndani ya gari ipite juu ya sensa. Vumbi likiziba nyavu, au kipaipu kikichomoka baada ya mtu kufunga redio au alamu, sensa inasoma joto la nyuma ya dashibodi badala ya joto lako. Hiyo huwapa watu AC inayopiga baridi kupita kiasi kisha kubadilika bila mpango. Jaribu kwa karatasi: weka kipande cha tishu kwenye nyavu hizo feni ikiwa juu. Kinatakiwa kuvutwa na kushikamana. Ukiwa na mita ya umeme, sensa hiyo kwenye nyuzi 25 husoma kama kiloohmu 1.7, na namba hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwako siyo mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa kwenye LO kompyuta hufunga kilango moja kwa moja bila kujali sensa inasema nini.

Upande wa gesi, hapa ndipo unapohitaji mtu mwenye vifaa. Mtake atoe gesi yote kwa mashine ya kuikusanya, aipime kwa gramu, avute ombwe (yaani anyonye hewa yote iliyobaki kwenye mabomba) kwa nusu saa au zaidi, aangalie kama ombwe linashikilia, kisha arudishe kiasi cha kwenye kibandiko, kwa mizani. Asiifungulie hewani. R-134a ina nguvu ya kupasha joto dunia zaidi ya mara 1000 kuliko hewa ya ukaa, na ni miongoni mwa gesi ambazo nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Mwambie pia asikutilie gesi ya kupikia wala mchanganyiko wa kuzibia matundu. Ya kwanza inawaka moto, na ya pili itaziba vijitundu vya valvu na kuharibu mashine ya fundi atakayekuja baadaye.

Akishaweka, akuoneshe geji. Kwa joto la hewa la nyuzi 30 hadi 35, mizunguko 1500, feni juu na baridi ya mwisho, upande wa chini unatakiwa kusoma takriban psi (kipimo cha presha) 21 hadi 36 na wa juu psi 199 hadi 228. Kompresa iliyochoka kweli huonekana hapo bila ubishi: upande wa chini uko juu kupita kiasi, upande wa juu uko chini, na namba hizo mbili zinasogeleana hata ukiongeza mizunguko. Ukiona hivyo, fundi wako atakuwa amesema kweli na nitakuunga mkono ununue. Zikiwa ndani ya kiwango, kompresa yako ni nzima.

Tuje kwenye ukarabati. Mota ya kuchanganya hewa ni kisanduku cheusi cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, kimekazwa kwa skrubu 2 au 3 za nyota kwenye boksi la hewa, kikiwa na soketi ya nyaya na mkono unaosukuma mtaimbo wa plastiki unaozungusha kilango. Kulingana na toleo la gari kinakaa upande wa miguu ya dereva au nyuma ya kisanduku cha abiria. Zipo mota tatu zinazofanana, hivyo usikisie: mtu mmoja abadilishe nyuzi kutoka LO hadi joto la mwisho, mwingine aangalie kwa tochi ni ipi inayojitingisha au kutoa mlio.

Kabla ya kuweka bisibisi, zima gari, chomoa waya hasi wa betri, na usubiri angalau sekunde 90. Chini ya dashibodi kuna nyaya za mifuko ya hewa (airbag). Soketi zake ni za njano. Usizichomoe, usizipime kwa mita, usizivute kupata nafasi. Kisha chomoa soketi ya mota, fungua skrubu, utoe mota pamoja na mkono wake huku ukipiga picha ulivyokuwa umekaa.

Sasa shika mtaimbo wa kilango kwa vidole. Hiki ndicho kipimo kinachoamua bei ya kazi nzima. Unatakiwa uende mwanzo hadi mwisho kwa ulaini, ukiwa na uzito kidogo, na pande zote mbili uishie kwa kugonga sehemu laini. Ukienda hivyo, kilango ni kizima na mgonjwa ni mota. Ukikwama katikati, kuna kitu ndani. Jaribu kukipata kwa kutoa matundu ya hewa kabla ya kufikiria kushusha dashibodi. Ukizunguka ovyo bila uzito wowote, ekseli ya kilango imekatika. Kuna na hali ya nne: kilango kinafika mwisho vizuri ila sponji ya kingo zake imeoza. Utajua kwa vipande vyeusi vinavyopulizwa kutoka kwenye matundu, na baridi itakuwa pungufu hata kilango kikiwa kimefunga kabisa. Hizi mbili za mwisho zinahitaji boksi kufunguliwa, kazi ya siku nzima ya fundi mwenye mkono mtulivu, na kwa gari la umri huo pima kama inafaa.

Mota ikiwa ndiyo mgonjwa, una njia kadhaa. Mpya ya asili ndiyo inayokaa. Ya mtumba iliyotoka Japani inapatikana Kariakoo na kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, na kwa kipuri hiki sioni ubaya wowote, mradi ulinganishe namba iliyo kwenye kibandiko cha mota yako, siyo umbo. Chomeka soketi uijaribu ikiwa mkononi kabla ya kulipa. Usikubali fundi aijaribu kwa kugusisha nyaya za betri: zile za nyaya 5 zina mota na kipima nafasi pamoja, na ukikosea jozi unaunguza kipima, nyingine zina chipu ndani ya soketi yenyewe na volti 12 za kienyeji zinaiua. Kubadilisha gia tu, kwa kuhamisha kutoka mota nyingine ya namba ileile, kunawezekana. Kuunganisha jino kwa gundi hakukai wiki.

Kama kipuri kinachelewa, sukuma mtaimbo hadi upande wa baridi, uufunge kwa tai ya plastiki, uache mota nje huku soketi yake ikiwa imefungwa tepu. Utapata baridi kamili leo hii. Utaidhibiti kwa kasi ya feni tu, na kwa Dar hilo si shida.

Kuna njia nyingine ambayo gereji nyingi hupendekeza: kukata hozi za hita na kuziunganisha, maji yasiingie ndani kabisa. Inafanya kazi, ni rahisi, na kwa mtu asiyeondoka pwani naielewa. Kwako wewe sikushauri. Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kweli, kioo cha mbele kinajaa ukungu, na kinachousafisha haraka ni AC na hita zikifanya kazi pamoja: moja inakausha hewa, nyingine inaipasha. Bila hita utaendesha milimani ukifuta kioo kwa kitambaa. Na kama mtu atakufanyia hivyo kwa dharura, aunganishe hozi mbili kwa kipande cha bomba ili maji yaendelee kuzunguka, asizizibe kila moja peke yake.

Kwa kuwa unaenda Njombe, kagua pia upande wa joto. Muulize fundi kama thamostati ya injini, ile valvu inayodhibiti joto la maji yake, ipo. Gereji nyingi za pwani huitoa kwa madai kwamba injini itapoa vizuri; ikitolewa, injini haifikii joto lake, inakula mafuta zaidi, na hita inatoa uvuguvugu ukifika kwenye baridi. Gusa hozi zote mbili za hita injini ikiwa na moto: zote zinatakiwa kuwa za moto. Moja ya moto na nyingine ya baridi maana yake rejeta ya hita imeziba, mara nyingi kwa kutu ya maji ya bomba yaliyotumika badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini. Na kama ukiona zulia la abiria limelowa, yanuse maji hayo. Maji yasiyo na harufu ni ya AC, kipaipu chake cha kutolea nje kimeziba na kinazibuliwa kwa waya laini. Harufu tamutamu yenye utelezi, pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo, ni kulanti inayovuja kutoka kwenye hita. Hapo usisafiri. Maji ya injini yanapungua kimyakimya, na injini itaungua kabla ya AC kukusumbua tena.

Mambo machache usiyafanye nyumbani hata ukiwa na moyo: kufungua bomba lolote la gesi, maana inagandisha ngozi na kuumiza macho, kukata nyaya za dashibodi, na kuendelea kuwasha mfumo ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au fyuzi inayokatika mara ya pili. Wasomaji wenye magari ya haibridi kama Aqua na Prius wasifuate sehemu ya gesi kwa fundi yeyote tu. Kompresa yao inaendeshwa na umeme wa volti za juu kupitia nyaya za rangi ya chungwa, na inataka oili yake maalumu. Oili ya kawaida ya AC ikiingia humo inaharibu uzuiaji wa umeme ndani ya kompresa. Watafute aliyefunzwa haibridi.

Ukishafunga mota mpya na kurudisha waya wa betri, washa swichi hadi ON bila kuwasha injini, usiguse kitufe chochote kwa dakika moja hivi. Kwenye mifumo mingi mota zitajizungusha hadi mwisho wa kila upande ili kompyuta ijifunze mipaka yake. Ukianza kubonyezabonyeza zinaweza kujifunza vibaya na ukadhani umeuziwa kipuri kibovu. Kisha ingia tena kwenye kipimo cha AUTO, uhakikishe 41 haipo, na urudie zoezi la kipimajoto kuanzia injini ya baridi hadi dakika ya 20. Namba za leo uziweke kando ya zile ulizoandika mwanzo. Kama nyuzi zinabaki chini hata injini ikiwa na moto kamili, mlipe fundi. Kama bado zinapanda, kilango hakijafika mwisho: kilegezwe, mkono wa mota upangwe upya kwenye mtaimbo, urudie.